Sabuni Kwenye Tangi la Petroli

Kuna watu ukiwakumbuka unatabasamu. Huyu nikimkumbuka nauma meno. Kasulu yote ilimwita Fundi, kana kwamba mji mzima haukuwa na fundi mwingine, wala wa cherehani wala wa saa, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Habari za kuzaliwa kwake sizijui na sizitaki. Inatosha kusema alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa hapa, akazaa, akajenga, akawa mzee wa kanisa, na miaka ya tisini ilipoanza hakuna aliyekuwa akimuuliza katoka wapi. Watu waliuliza tu kama yupo gerejini.

Gereji yenyewe ilikuwa shimo moja chini ya paa la mabati, ukitoka sokoni kuelekea barabara ya Kibondo. Mimi nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, nimehamishiwa huko kutoka Tabora, kwa hiyo shimo lile nililijua kuliko nilivyoijua nyumba ya jirani yangu.

Kwa mzee wa kanisa, alikuwa na mdomo mbaya sana. Mwalimu mkuu alimletea pikipiki iliyogoma, akamuuliza, "Mwalimu, hii umeisomesha miaka mingapi mbona haijui hata kuwaka?" Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mimi aliniita mtu wa Tabora. "Mtu wa Tabora, unaendesha kama umefukuzwa na nyuki wenu." Alikuwa akisema hivyo mbele ya wagonjwa. Mgonjwa aliyekuwa akiugulia njia nzima akawa anacheka, mimi nimekaza mikono kwenye usukani kwa hasira.

Tena Jumapili ungemkuta kanisani amevaa shati jeupe, anasoma somo kwa sauti ya upole mpaka ukajiuliza kama ni yeye. Jumatatu anarudi shimoni na matusi yake. Nilimuuliza siku moja hayo mawili anayapatanisha vipi. Akasema, "Mungu simtengenezei gari."

Pua yake ndiyo iliyomfanya awe Fundi. Mafundi wengine walisikiliza gari, yeye alilinusa. Akitaka kutafuta mahali petroli inapovujia, alikuja asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, hata chai, kwa sababu alidai pua ya mtu aliyeshiba inalala. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alimfukuza kila mtu aliyeshika dumu la petroli siku hiyo. Kisha alichukua unga wa muhogo kidogo, akaupaka kila maungio ya paipu, kwenye kabureta, kwenye pampu, kwenye mfuniko wa tangi, akakaa kwenye gunia kusubiri. Unga ukilowa, amepata. Mkewe alilalamika kwamba magari ya Kasulu yanakula ugali kuliko wanawe.

Kitu cha pili kilikuwa sabuni. Kwenye mfuko wa shati hakukosa kipande cha sabuni ya mawese, ile nyekundunyekundu inayotengenezwa huku Kigoma. Alinawia. Mkanda wa feni ukilia, aliupaka sabuni. Mlango ukigoma kufunga, sabuni. Tangi likitoboka njiani, alikanda sabuni mpaka ikawa laini, akaisukumiza kwenye ufa kwa kidole gumba, na petroli ikakata. Sabuni haiogopi petroli, alikuwa akituambia, na kwa hilo alisema kweli. Kidole chenyewe kilikuwa na ncha iliyokatwa na mkanda wa feni zamani, kimeishia butu, kwa hiyo alama aliyoacha mahali popote uliitambua. Naomba ukikumbuke kidole hicho.

Na alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka likatuchosha: gari haliongopi, anayeongopa ni dereva. Kila aliyeleta gari alilisikia. Mimi nimelisikia mara nyingi kuliko wote, na mpaka leo likinijia ghafla natamani kumkuta mbele yangu.

Sasa harufu. Siku hizo kati ya Kasulu na Kibondo ulibeba petroli ya akiba ndani ya gari, kwenye madumu, nyuma ya kiti chako. Magari yote yalinuka. Kwa hiyo niliposema gari la wagonjwa linanuka petroli, walinijibu kama nimesema mvua ina maji. Lakini mimi madumu yangu niliyashusha, nikayaosha, nikayaacha nyumbani, na bado lilinuka. Kila wiki lilianza Jumatatu, likanuka kweli, abiria wanatapika. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano limepungua. Alhamisi, siku ambayo hatukuwa na safari ya chanjo na mimi nilipata nafasi ya kulipeleka kwa Fundi, halinuki kabisa.

Alhamisi ya kwanza alipaka unga wake, akasubiri, unga ukabaki mkavu. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu akanitolea uvivu. "Unaniletea gari zima halafu unasema linanuka. Labda ni wewe." Watu wa gerejini wakashika matumbo. Niliondoka pale nikiwa nimejaa hasira mpaka shingoni. Mtu anakwambia gari litaungua, wewe unamfanyia mzaha!

Maana nilijua litaungua. Jumatatu moja tulimchukua mama mjamzito kijijini Kagerankanda, uchungu umemshika tangu jana yake, amelala nyuma, mkunga wetu yuko naye. Pembeni alikaa mama mkwe wake, kikongwe mmoja amejifunika khanga. Tumekwenda kidogo nikasikia harufu nyingine imeingia ndani ya ile ya petroli. Tumbaku. Nikageuka. Kikongwe ametoa kiko chake, amekiwasha, anavuta taratibu kama yuko jikoni kwake.

Nilifunga breki, nikaruka nyuma, nikamnyang'anya kiko nikakitupa majanini.

"We mwana we!" alipiga kelele. "Kiko cha mama yangu hicho!"

"Bibi, tutaungua wote humu, na mjukuu wako hajazaliwa!"

Akanitazama, akavuta pumzi puani, naye ndipo akaisikia harufu. "Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Basi nishushe, nivutie chini." Tukamsubiri akavutia chini. Mama yule alijifungua salama kituoni, lakini mkunga aliposhuka kwenye gari alikwenda moja kwa moja kwa Daktari akamwambia haingii tena ndani ya gari lile.

Daktari wetu alikuwa mtu wa usafi. Gari la wagonjwa lilimpeleka kanisani Jumapili, mwendo mfupi madirisha yakiwa wazi, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nalishusha mtoni, nalisugua juu na chini mpaka ling'ae, na Mungu amsamehe mtu aliyemfundisha hivyo. Aliniita ofisini. "Jumatatu baada ya mbili zijazo," alisema, "harufu ikiwemo, funguo utaziacha juu ya meza hii." Nilikuwa na mke na watoto watatu, na kazi nyingine sikuwa naijua. Nikaenda kwa Fundi, nikameza hasira, nikamwomba. Nilimwambia waziwazi kwamba asipoipata, kazi yangu imekwisha.

Hapo ndipo nilipouona ubora wake, na ninauandika ingawa sipendi. Hakufanya mzaha. Alikuja mwenyewe kituoni Jumatatu alfajiri, hajanywa hata maji, akalizunguka gari mara tatu amefumba macho. "Ipo," alisema. Akaniuliza maswali ambayo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza. Jumatatu nakwenda wapi? Jumapili gari linalala wapi? Jumamosi?

"Jumamosi naosha."

"Unaosha vipi?"

"Naingia mtoni, nasugua mpaka chini. Daktari anainama kukagua."

"Jumamosi hii usioshe," alisema.

Sikuosha. Daktari alikwenda kanisani na gari lenye matope, akanuna ibada nzima. Jumatatu gari halikunuka hata chembe. Fundi akasema, "Jumamosi ijayo osha sana." Nikaosha sana. Jumatatu asubuhi, ile tarehe yangu ya mwisho, harufu ilikuwa inakuchoma macho ukifungua mlango.

Tulisimama uani. Daktari yupo, mkunga yupo, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufunguliwa dirisha la dawa. Fundi alikuwa anafikiri kwa sauti. "Ni maji. Maji yanaondoa kitu, petroli inatoka. Halafu vumbi letu hili linaingia, linaziba pole pole, mpaka Alhamisi limeziba. Sasa kitu gani kwenye gari kinaogopa maji na hakiogopi petroli?"

Niliuona mkono wake unapanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati, pale sabuni ilipokaa. Ukabaki pale. Uso wake ukabadilika.

"Ngoja niingie chini," alisema, kwa sauti ya Jumapili.

Niliingia naye. Nani angenizuia, ilikuwa ni kazi yangu. Alichokonoa matope kwenye tangi, pale linaposhikwa na mkanda wa chuma, akapaka unga. Ukalowa papo hapo. Akafuta, na chini yake tukaona ufa mwembamba na mabaki ya sabuni nyekundunyekundu, imelika pembeni, katikati imebaki. Na juu ya hayo mabaki kulikuwa na alama ya kidole gumba. Kifupi, butu, kisicho na ncha.

Alinitazama. Tulikuwa tumelala ubavu, uso kwa uso, petroli inatudondokea. Nilijua, na alijua ninajua. Kisha akanyoosha kidole kile kile, akaisugua alama mpaka ikapotea.

Alitoka chini, akajipangusa magoti, akamwambia Daktari, "Dereva wako alipiga jiwe. Akaziba ufa kwa sabuni, akanyamaza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Halafu nikalipuka. "Mwongo! Sabuni ni yako! Kidole ni chake, Daktari, kitazame! Ameifuta sasa hivi mbele ya macho yangu!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyofanana na mtu mwenye hatia. Daktari akasema, "Mzee wa kanisa aongope kwa ajili ya kipande cha sabuni?" Hata mkunga, aliyeniona nikikitupa kile kiko, alitazama chini.

Funguo nikaziweka mezani. Mkunga aliniombea nisifukuzwe kabisa, nikapewa panga la kufyekea nyasi za kituo. Nilifyeka miezi tisa, na wagonjwa niliokuwa nawabeba wakinipita wananipa pole. Mke wangu chakula aliniwekea bila kunitazama. Fundi alilishusha tangi, akalimimina, akalijaza maji, akalilehemu, na tangu siku hiyo gari lile halikunuka tena. Kazi safi kabisa. Hata hilo liliniudhi.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Kibondo kumtafuta dereva aliyenitangulia, aliyekuwa amestaafu na kulima migomba. Nikamuuliza habari za tangi. "Ah, lile?" alisema. "Nilipiga jiwe nikielekea huku. Fundi alikuwa ndani ya gari, akaliziba kwa sabuni, akasema nimrudishie wiki inayofuata alilehemu. Mimi nikastaafu, yeye naye akasahau." Akanimiminia pombe ya ndizi, akacheka. Nilimwambia aje aseme hivyo kwa Daktari. Akasema Kasulu ni mbali na miguu inamuuma. Naye nimemweka kwenye orodha yangu.

Nikiwa kwenye nyasi nilipata muda wa kufikiri, nikaelewa. Mwaka ule kambi za wakimbizi zilikuwa zinajaa, watu wanavuka kutoka Burundi kila siku, na maneno yalikuwa yameanza sokoni juu ya watu wa ng'ambo, hata wale waliozeeka hapa. Mtu wa namna ile akisikika kwamba nusura aunguze gari la serikali na akina mama wajawazito ndani yake, angeondoka kesho yake. Mimi ningefyeka nyasi tu. Alipiga hesabu hiyo akiwa chini ya gari, kwa kunitazama mara moja. Kuelewa kulinikasirisha zaidi, kwa sababu kulininyima hata raha ya kumchukia vizuri.

Ilikuja amri kwamba wote waliovuka waingie kambini, wa jana na wa zamani. Lori lilisimama karibu na gereji. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye usukani, si wa kituo, wa mfanyabiashara mmoja wa maharage, na nilikuwa napita. Mtendaji wa kata alikuwa na karatasi yake ya majina. Mwenye mtu wa kumsemea kwamba ameishi hapa miaka yote alikuwa anawekwa pembeni, kesi yake itazamwe. Fundi aliniona.

"Mtu wa Tabora! Mwambie. Wewe unanijua."

Mtendaji akanigeukia. "Unamjua huyu?"

Watu wengine walikuwepo, wangeweza kusema. Daktari hakuwepo, wazee wenzake wa kanisa walikuwa wanatazama viatu vyao. Lakini aliyeulizwa ni mimi. Na mimi nikaona panga, nikaona nyasi, nikaona kile kidole kinasugua sabuni.

"Namjua kwa kutengeneza magari," nilisema. "Mengine siyajui."

Alipanda lori na mkewe na watoto sita. Hakunitukana. Kama angenitukana ningelala vizuri usiku ule.

Miaka miwili nilikwepa njia ya Mtabila, kwenye kambi waliyopelekwa. Halafu bosi wangu akapata kazi ya kupeleka maharage kule, na dereva wa pikapu nilikuwa mimi. Njiani nilipiga jiwe, safari hii mimi kweli, nikasikia kishindo chini na sikutaka kushuka kutazama. Nilipofika, nikiwa bado nashusha magunia, mtu akasema nyuma yangu:

"Unanuka."

Amekonda. Alikuwa ameketi chini ya turubai anatengeneza baiskeli, watu wanne wanasubiri foleni. Shati lile lile, mfuko ule ule.

"Sikuja kwako," nilimwambia.

"Najua. Umeleta maharage. Lakini unanuka, sha," alisema, kwa neno lao la kuitana rafiki, "na kurudi ni mbali, na hapa kila mtu ana moto mbele ya nyumba yake."

Sikumruhusu na sikumkataza. Alinawa mikono, akaingia chini ya pikapu yangu bila unga, bila gunia. Akatoka, akamwita mkewe. Mama yule alileta kipande cha sabuni, ile wanayogawiwa, nyeupe, imekatwa kwa uzi. "Mzee, hiyo ndiyo ya mwezi," alisema. Fundi akaichukua yote, akaikanda akirudi chini.

Nilichuchumaa. Nilishindwa kujizuia. "Miezi tisa nimefyeka nyasi."

"Najua. Nilikuwa nakuona nikienda kanisani."

"Ulikuwa unaniona!" Nilitaka kumvuta miguu. "Na hukusema?"

"Nilikuwa na watoto sita na karatasi sina." Alikuwa anasukuma sabuni, simwoni uso. "Na wewe pale kwenye lori, hukusema kwa nini?"

Niliisikia petroli ikidondoka, ikapungua, ikakata.

Alitoka, akasimama mbele ya wale watu wa baiskeli, akasema kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. "Sabuni hii ni yangu. Nimeiweka mimi. Usilioshe gari mpaka ufike Kasulu walehemu. Na wakikuuliza nani kaziba, taja jina langu, lote, na la baba yangu. Kosa hili lisimpate dereva tena." Akanitajia yote mawili.

Hakuniomba radhi. Na mimi sikumwomba. Nilipanda pikapu nikaondoka bila hata kumuaga mkewe, aliyekuwa amebaki na ule uzi wa kukatia mkononi.

Gerejini Kasulu, kwenye shimo lile lile, fundi mpya kijana alilala chini ya gari, akachokonoa, akacheka. "Duh! Mzee, nani kakuwekea sabuni huku? Ameacha na kidole kabisa."

Nikamtajia jina lake. La kwanza, na la baba yake, kama alivyotaka.

"Simjui huyo," alisema kijana.

"Mimi namjua," nikasema, na nilisema kwa kelele mpaka watu wa sokoni wakageuka, wakidhani tunagombana.